Kikombe cha Methadoni na Meza ya Bwana: Somo juu ya Uraibu, Afya ya Jamii na Uchungaji



Wapendwa mafrateri na wasomaji wetu wote, kama ilivyo desturi katika darasa la taalimungu maadili, tunaanza somo hili kwa kisa. Tumekitunga kwa ajili ya kujifunza, lakini hatudhani kuna paroko wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa atakayekiona kigeni.

1. Kisa

Kijana mmoja wa miaka 31 zamani alikuwa mpiga kinanda wa kwaya ya parokia. Alianza kuvuta heroini na vijana wa kijiweni, baadaye akajidunga. Miaka minane ilipita hivyo. Katika miaka hiyo aliuza simu ya mama yake, akauza mabati ya jikoni, na mwishowe akauza kinanda cha kwaya. Waamini hawajasahau.

Sasa ni mwaka wa pili tangu aandikishwe kliniki. Kila asubuhi anakwenda hospitalini, anapewa kikombe cha methadoni, anakinywa mbele ya muuguzi, halafu anakwenda kazini gereji. Amerudi kusali Dominika, anakaa benchi la nyuma. Ameungama na anapokea Komunyo. Dada yake amejifungua na anaomba kaka yake huyo awe msimamizi wa ubatizo wa mtoto.

Mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo amegoma kuandika barua. Anasema: “Baba Paroko, huyu bado ni teja. Amebadilisha duka tu. Zamani alinunua kijiweni, siku hizi anapewa bure na serikali.” Paroko amemgeukia frateri aliye katika mwaka wa uchungaji: “Wewe umetoka seminari juzi. Unasemaje?”

Tuliache swali hilo mezani. Ili tulijibu vizuri tunahitaji kujua mambo matatu: uraibu ni nini, wataalamu wa afya ya jamii wanaukabili vipi na kwa sababu gani, na Kanisa linafundisha nini.

2. Uraibu ni nini?

Mungu ametuumba na uwezo wa kufurahia mema. Tunapokula tukiwa na njaa, tunapokutana na tunaowapenda, ubongo hutupatia raha na kuikumbuka njia iliyotufikisha hapo ili tuirudie. Pombe, heroini, kokeini na vilevi vingine huiteka njia hiyo. Huleta raha kubwa kuliko ile ya kawaida, tena bila kazi wala upendo.

Ubongo hauvumilii hali hiyo bila kujibadilisha. Hujizoesha, hata kiasi cha jana hakitoshi leo. Kisha mwili wenyewe huanza kukidai kilevi. Mtumiaji wa heroini akikosa kete yake kwa saa kadhaa hutokwa jasho na kamasi, huumwa mifupa, hutapika, huharisha na hukosa usingizi. Vijana wetu huiita hali hiyo alosto. Mtu aliyefika hapo mara nyingi hatafuti tena raha. Anatafuta kupumzika na maumivu. Mambo mengine yote, yaani chakula, watoto, kazi na hata sala, yanasogezwa pembeni.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) linauweka uraibu katika orodha ya magonjwa. Hapa baadhi yetu hushtuka: “Basi mnasema si dhambi?” Swali ni la haki, na linajibiwa kwa kutofautisha, kama walimu wetu wa maadili walivyotuzoeza.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK 2290) inafundisha kwamba fadhila ya kiasi hutuwezesha kuepa kila aina ya kupita kiasi, iwe katika chakula, pombe, tumbaku au dawa. Inaendelea (KKK 2291) kwamba matumizi ya dawa za kulevya huleta madhara makubwa sana kwa afya na uhai wa binadamu, na kwamba ni kosa kubwa isipokuwa pale zinapotumika kwa sababu za tiba tu. Tulikumbuke neno hilo “tiba”, maana tutalirudia. Kwa hiyo kitendo chenyewe hakigeuki kuwa chema kwa sababu aliyekitenda ni mgonjwa.

Lakini Katekisimu hiyohiyo (KKK 1735) inatufundisha kwamba wajibu wa mtu kwa kitendo chake unaweza kupungua, na hata kuondoka, kwa sababu ya kutojua, kulazimishwa, hofu, mazoea na viambatanisho vilivyopotoka vya moyo. Mtume Paulo katika sura ya 7 ya Waraka kwa Warumi anaeleza fumbo la mtu anayejikuta anatenda lile analolichukia na kushindwa kutenda lile analolitaka. Kila mraibu akisoma sura hiyo hujiona.

Basi tuseme hivi: hiari ya mraibu haijafa, ila imejeruhiwa. Kwa kuwa haijafa, tunaweza kumwita atubu na apige hatua. Kwa kuwa imejeruhiwa, hatuwezi kumwambia “acha tu” tukadhani tumemaliza kazi. Mwenye mguu uliovunjika tunamtaka atembee tena, lakini kwanza tunamfunga bandeji na kumpa fimbo.

3. Macho ya afya ya jamii

Daktari wa wodini humwangalia mgonjwa mmoja aliyelala mbele yake. Mtaalamu wa afya ya jamii huangalia mtaa mzima na kuuliza: kwa nini hapa, kwa nini hawa, kwa nini sasa?

Malaria tunaijua wote, nayo itatusaidia. Hatuipigi vita kwa kumlaumu aliyeumwa na mbu. Tunamtibu, tunagawa vyandarua, tunafukia madimbwi. Tunamtazama mdudu, tunamtazama mtu na tunayatazama mazingira. Katika uraibu nako kuna mambo hayo matatu. Kuna kilevi chenyewe: nguvu yake, bei yake na urahisi wa kukipata. Kuna mtu: umri wake, majeraha ya utoto wake, ugonjwa wa akili unaoweza kuwa umejificha, ukoo wenye historia ya ulevi. Na kuna mazingira: ajira, familia, kijiwe, matangazo ya biashara, sheria na desturi zetu za sherehe.

Kutokana na hayo wataalamu hupanga kazi katika ngazi tatu. Ya kwanza ni kuzuia mtu asianze. Ya pili ni kumtambua mapema aliyeanza kabla hajazama. Ya tatu ni kumtibu aliyezama, na wakati tiba ikiendelea kupunguza madhara yanayomzunguka yeye na jamii, kama vile UKIMWI, homa ya ini, kifua kikuu, ajali na vifo vya kuzidisha dozi.

Tuanze na pombe, kwa sababu ndiyo tunayoizoea hata hatuioni. WHO inakadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani, wakati dawa za kulevya zilisababisha vifo 600,000. Pombe basi iliua zaidi ya mara nne. Parokia inayokemea unga kila mwezi na kuinyamazia pombe imesoma nusu ya ukurasa.

Mwaka 2018 WHO ilizihimiza serikali kuchukua hatua tano ambazo ushahidi unaonyesha zinasaidia: kupunguza upatikanaji wa pombe, kuzuia watu kuendesha vyombo vya moto wakiwa wamelewa, kurahisisha uchunguzi na tiba, kudhibiti matangazo ya pombe, na kupandisha bei yake kwa njia ya kodi. Tutaona kwamba nne kati ya hizo hazimgusi mlevi mwenyewe. Zinamgusa muuzaji, barabara, redio na kodi.

Tanzania tunao mfano wa karibu. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali iliyofungashwa katika vifuko vya plastiki, ile tuliyoiita viroba. Kiroba kilikuwa rahisi kwa bei, kinaingia mfukoni, na kilinyweka kituo cha bodaboda au nyuma ya darasa bila mtu kujua. Katazo lile halikumgeuza mlevi kuwa mtakatifu, wala halikukusudiwa hivyo. Liliondoa kishawishi kwenye mfuko wa mwanafunzi. Sisi tunaosali kila siku tusitiwe majaribuni tunapaswa kuelewa thamani ya sheria inayopunguza majaribu ya wadogo.

4. Heroini katika pwani yetu

Tangu miaka ya 1980 heroini ilianza kupita katika mwambao wa Afrika Mashariki. Sehemu kubwa hutoka Afghanistan, huvushwa bahari ya Hindi kwa majahazi, na hapa kwetu hupokewa ili isafirishwe tena. Lakini njia ya biashara haipiti mahali bila kuacha kitu. Vijana wa pwani walianza kuivuta, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 kujidunga kwa sindano kukaenea.

Sindano ikaja na virusi vya UKIMWI. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu wanawake wa Dar es Salaam ambao, wakikosa fedha ya kete, walidungwa damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, wakitumaini imebaki heroini kidogo ndani yake ya kutuliza alosto. Tusiisome habari hiyo haraka. Mwenzao aliwapa damu yake kwa kuwahurumia. Hata shimoni kulikuwa na huruma, ila huruma iliyokosa mwanga na iliyobeba mauti. Tujiulize sisi wenye mwanga tulikuwa wapi.

Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni. Ukiacha visiwa kama Mauritius, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Jangwa la Sahara kutoa tiba hiyo katika mfumo wa afya wa serikali. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Zanzibar na mikoa mingine ya Bara ikiwemo Dodoma, Mbeya na Mwanza. Kenya nayo ikafungua kliniki zake. Tiba hutolewa bila malipo.

Methadoni hufanyaje kazi? Ni dawa ya jamii moja na heroini, lakini tabia yake ni tofauti. Heroini hupanda ghafla na kuisha baada ya saa chache, hivyo mtu huishi akipanda na kushuka mara kadhaa kwa siku. Methadoni hunywewa kwa mdomo, huingia polepole na kudumu takribani siku nzima. Ikipimwa vizuri, haimpi mtu mlevyo wa heroini, bali humwondolea alosto na kupunguza kiu ya kwenda kijiweni. Asubuhi yake haianzi tena na swali “leo nitaiba nini?” Anapata nafasi ya kula, kulala, kumeza dawa za UKIMWI au za kifua kikuu kwa utaratibu, kuzungumza na mnasihi na kutafuta kazi. Wengine huitumia miaka kadhaa kisha hupunguza polepole chini ya uangalizi. Wengine huihitaji kwa muda mrefu zaidi.

Si dawa ya kuchezewa. Ikizidi huua, na ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi inaweza kusimamisha pumzi. Ndiyo maana hutolewa kwa kipimo na kunywewa mbele ya mhudumu. WHO iliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005.

Sambamba na kliniki zipo nyumba za upataji nafuu, ambako waraibu huishi pamoja kwa miezi kadhaa bila kilevi chochote, wakisaidiwa mara nyingi na wenzao waliokwisha kupona. Njia hiyo pia imewaokoa wengi. Lakini tunapaswa kujua hatari moja. Aliyekaa miezi bila heroini, iwe nyumbani humo au gerezani, mwili wake umepoteza usugu. Akianguka na kutumia kiasi kilekile cha zamani, anaweza kufa siku hiyohiyo. Kwa hiyo wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo anazotuhitaji zaidi. Parokia inayompigia makofi akitoa ushuhuda Dominika na kutomtembelea Jumatano haijamaliza wajibu wake.

5. Mapingamizi

*Pingamizi la kwanza: ni kubadilisha kilevi kimoja kwa kingine.* Pingamizi hili si la mwenyekiti wa jumuiya peke yake. Mwezi Juni 2014, akihutubia mjini Roma mkutano wa kimataifa wa vyombo vinavyopambana na dawa za kulevya, Baba Mtakatifu Fransisko alikataa kuhalalishwa kwa dawa hizo, hata zile zinazoitwa nyepesi, na kusema kwamba dawa mbadala si tiba ya kutosha, bali ni namna iliyofichika ya kusalimu amri. Hatutayaficha maneno hayo kwa sababu yanatusumbua. Tuyaelewe.

Yalitolewa katika hotuba ya kichungaji kwa walinzi wa sheria. Hayakutolewa kama hukumu juu ya kila mgonjwa aliyeko kliniki. Na hofu iliyomo ni ya kweli kabisa. Zipo nchi na zipo nyakati ambapo mtu hupewa dawa yake dirishani ili asisumbue mtaa, halafu husahauliwa. Hakuna anayemuuliza jina la mama yake, hakuna anayetarajia apone. Huko ni kusalimu amri. Lakini dawa inayotolewa na tabibu, kwa kipimo, pamoja na ushauri nasaha na mpango wa maisha, inaangukia katika ile sababu ya tiba ambayo KKK 2291 inaitambua. Mgonjwa wa kisukari aliyeugua kwa sehemu kutokana na ulaji wake anachomwa insulini kila siku, na hatujasikia jumuiya ikimnyima barua. Tofauti kati ya kusalimu amri na kutibu haimo ndani ya kikombe. Imo katika namna tunavyomtendea anayekinywa.

Papa Fransisko mwenyewe alisema zaidi mwezi Novemba 2016 mbele ya Taasisi ya Kipapa ya Sayansi: kwamba kila mraibu ana historia yake ya pekee, anayestahili kusikilizwa, kueleweka, kupendwa na kwa kadiri inavyowezekana kuponywa, na kwamba ni dhuluma kumhesabu kama kitu au mashine iliyoharibika.

*Pingamizi la pili: kupunguza madhara ni kukubali uovu.* Hapa tuwe waangalifu zaidi, maana mambo hayafanani. Kumpima mraibu virusi vya UKIMWI, kumtibu kifua kikuu, kumfundisha jirani namna ya kumsaidia aliyezidisha dozi, yote hayo ni matendo ya huruma yasiyo na utata. Kugawa sindano safi kuna mjadala miongoni mwa wanataalimungu: wapo wanaouona kama kulinda uhai wakati mtu bado hajaweza kuacha, na wapo wanaohofia ushirika katika tendo baya na kikwazo kwa wengine. Kuhusu vyumba vya kujidungia, tunalo tukio la kujifunza. Mwaka 1999 Vatikani, kupitia idara yake ya Mafundisho Sadikifu, iliwaelekeza masista waliokuwa wakijiandaa kufungua chumba cha namna hiyo mjini Sydney wajiondoe katika mpango huo. Masista walitii, na kazi yao ya hospitali ikaendelea. Kwa frateri funzo ni hili: usiyaweke yote katika kapu moja, na usianzishe jambo lenye utata kwa jina la parokia bila kumshirikisha Askofu. Lakini utata wa sindano usiwe kisingizio cha kukataa tiba isiyo na utata.

*Pingamizi la tatu: sala inatosha.* Sala haina mbadala. Lakini Yoshua bin Sira katika sura ya 38 anatufundisha kumheshimu tabibu kwa sababu Mungu ndiye aliyemweka, na dawa kwa sababu zimetoka katika nchi aliyoiumba Yeye. Msamaria katika Injili ya Luka (10:25-37) hakusali tu kando ya barabara. Alisafisha jeraha, akalifunga, akamlipia mgonjwa nyumba ya wageni, akaahidi kurudi. Kurudi huko tusikusahau.

Na hapa tuna onyo zito. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kupata mtetemeko, kuchanganyikiwa, degedege, na kufa. Kumfungia chumbani siku tatu za mfungo na maombezi bila tabibu ni kuhatarisha uhai wake. Mpelekeni hospitali kwanza, msali njiani, na msali kitandani pake.

6. Mashahidi wawili

Kanisa halianzi leo kukutana na jambo hili. Mtakatifu Marko Ji Tianxiang alikuwa tabibu Mkatoliki nchini China katika karne ya 19, aliyewatibu maskini bila malipo. Aliugua tumbo, akajitibu kwa afyuni, ambayo ni mama wa heroini, nayo ikamfunga. Aliungama dhambi hiyohiyo mara nyingi kiasi kwamba muungamishi wake aliona hana nia ya kuacha, akamzuia sakramenti. Wakati ule hakuna aliyejua uraibu kama ugonjwa. Kwa takriban miaka 30 Marko aliishi bila Komunyo, lakini hakuacha kuja kanisani. Mwaka 1900, wakati wa uasi wa Mabondia, alikamatwa pamoja na watu wa familia yake. Aliomba auawe wa mwisho ili asiwepo hata mmoja wao atakayekufa peke yake. Hatuna habari kwamba aliwahi kuishinda afyuni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000 pamoja na mashahidi wenzake 119 wa China.

Hatumlaumu muungamishi wake, maana alitumia elimu ya wakati wake. Lakini sisi tunayo elimu ambayo yeye hakuwa nayo. Tukirudia kosa lile leo, hatuna udhuru.

Shahidi wa pili ni Sista Ignatia Gavin, aliyesimamia mapokezi ya Hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini Akron, Marekani. Zamani hizo hospitali zilikataa kuwalaza walevi. Mwaka 1939 Sista huyo alishirikiana na Dkt. Robert Smith, mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, kuwalaza akiwaandikia ugonjwa wa tumbo. Mgonjwa mmoja walimweka katika chumba kilichotumika kupangia maua. Kutoka hapo ikazaliwa wodi iliyohudumia maelfu ya walevi. Mlango wa tiba ulifunguliwa na mtawa aliyeketi mapokezi akaamua kutomfukuza mtu.

7. Yatupasayo parokiani

*Lugha.* Tuache kusema “teja”, “chizi unga”, “mlevi mbwa” katika matangazo, mikutano na hata utani wa sakristia. Mama wa kijana huyo ameketi palepale kanisani.

*Sherehe zetu.* Harusi, ubarikio, jubilei na hata mazishi yetu yapimwe. Kamati ikitenga fungu kubwa kwa pombe na kusahau soda na maji, mgeni anayejaribu kuacha tumemfukuza bila kutamka neno. Kristo alibariki divai Kana, nasi hatufundishi kwamba pombe ni haramu. Tunafundisha kiasi, na upendo unaojinyima kwa ajili ya ndugu aliye dhaifu.

*Familia.* Mara nyingi mama na mke huugua kabla ya mraibu kukubali kuwa anaumwa. WAWATA na jumuiya ziwatembelee. Wasifundishwe kumficha wala kumlipia madeni yasiyoisha, wala wasiambiwe ni makosa yao.

*Kitubio.* Muungamishi asichoke na mtu anayerudi na dhambi ileile. Amsaidie kuchukua hatua iliyo mbele yake, na pamoja na malipizi amwelekeze kwa ukarimu kliniki au kikundi, akiilinda siri ya kitubio bila doa.

*Vijana.* VIWAWA, Utoto Mtakatifu, timu za mpira na kwaya ni kinga ya kweli. Mtoto mwenye mahali pa kwenda jioni na mtu mzima anayemjua kwa jina ana kinga zaidi kuliko yule aliyepewa semina moja ya vitisho.

*Sisi wenyewe.* Mafrateri, tusijidanganye. Divai ya altare haituchagulii nyuso. Anayeona kwamba chupa imeanza kumwamuru, ndani ya seminari au miaka kumi baada ya upadrisho, aseme mapema kwa baba wa kiroho na kwa tabibu. Kanisa limeshafikiria hata hilo. Barua ya Vatikani ya mwaka 2003 inampa Askofu uwezo wa kumruhusu padre mwenye tatizo la pombe kuadhimisha kwa mustum, yaani maji ya zabibu ambayo uchachu wake umesimamishwa. Mama anayefikiria namna ya kumlinda mwanawe hata altareni hataki ajifiche.

8. Tunarudi kwenye kisa

Basi frateri amjibuje paroko?

Kanuni ya 874 ya Sheria za Kanisa inamtaka msimamizi awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, na anayeishi maisha ya imani yanayolingana na jukumu hilo. Haisemi kwamba awe mtu asiyewahi kuanguka, wala asiyemeza dawa. Kijana wetu anatii masharti ya tiba, anafanya kazi, anasali, ameungama. Kikombe anachokinywa asubuhi ni tiba, nacho si kizuizi.

Lakini frateri asiishie kwenye kanuni. Mwenyekiti naye ana jeraha lake: kinanda kiliuzwa na kwaya ilikaa mwaka mzima bila kinanda. Haki haifutwi na huruma. Paroko anaweza kuwaketisha wote wawili. Kijana aombe msamaha waziwazi na akubali kulipa kidogo kidogo kutoka katika mshahara wa gereji. Mwenyekiti akubali kuupokea, na aandike barua. Kisha jumuiya ipange zamu ya kumtembelea, kwa sababu kuanguka tena kunawezekana, na likitokea hilo asubuhi moja asijifiche kwa aibu bali ajue nyumba ya kukimbilia. Siku ya ubatizo atakapoulizwa kama anamkataa Shetani na fahari zake, huenda kanisani pasiwe na mtu anayeijua gharama ya jibu hilo kuliko yeye.

Maswali ya kutafakari na kujadili katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni mambo gani matatu yanayorahisisha vijana kuanza pombe au dawa za kulevya? Ni lipi kati ya hayo jumuiya yetu inaweza kulibadilisha mwaka huu?

2. Je, tunaijua kliniki au nyumba ya upataji nafuu iliyo karibu na parokia yetu? Nani kati yetu amewahi kuingia ndani yake?

3. Muungamishi wa Mtakatifu Marko Ji alikosa kujua nini? Sisi tunajua, je, tumebadilisha nini?

4. Bajeti ya sherehe yetu ya mwisho ya parokia ilitenga nini kwa pombe, na nini kwa wasiokunywa?

5. Kama wewe ndiye mwenyekiti wa jumuiya katika kisa chetu, ungehitaji kusikia nini kutoka kwa kijana yule ili uandike barua? Na yeye angehitaji kusikia nini kutoka kwako?

Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, utuombee.